Kati ya Kimoja na Elfu Kumi

Kiswahili kina jina la mtu anayetengeneza kitu kimoja kwa mkono wake: fundi. Kina jina la mahali panapotoka vitu elfu kumi vinavyofanana: kiwanda. Anayetengeneza hamsini hajapewa jina. Mahali pake ni padogo mno kuitwa kiwanda, na kazi yake imeshapita ile ya fundi anayeletewa kimoja kimoja. Akienda benki huulizwa hati ya nyumba. Akienda kwenye maonyesho hupewa cheti cha ubunifu, hupigwa picha na mgeni rasmi, na mwaka unaofuata hurudi na kile kile kimoja. Mtu huyu wa hamsini ndiye ninayetaka kumchunguza hapa, kwa sababu naamini vitu vingi vilivyobuniwa Afrika Mashariki vilikwama mlangoni pake. Ubunifu haukuwa na tatizo. Kilichokosekana ni pa kupitia.

Njia yenyewe inafahamika. Anayebuni kifaa hutengeneza kwanza mfano mmoja au miwili, aone kama wazo linafanya kazi. Mbali huko mwisho, kama soko lipo, kuna laini ya uzalishaji inayotoa vipande mchana na usiku. Katikati kuna mikupuo midogo: ishirini, hamsini, mia mbili. Wengi huiona mikupuo hii kama kiwanda kilichopunguzwa ukubwa, kana kwamba ukimudu hamsini utamudu elfu kwa kuongeza meza na watu. Sivyo. Kwenye mfano wa kwanza swali ni kama kitu kitafanya kazi. Kiwandani swali ni kitagharimu shilingi ngapi. Katikati kuna swali la namna nyingine kabisa: mtu mwingine anaweza kukitengeneza bila mbunifu kusimama pembeni yake?

Mimi nililijua swali hilo kwa mayai. Miaka kadhaa iliyopita, pamoja na wenzangu wawili, nilitengeneza kidhibiti joto cha mashine ya kutotoleshea vifaranga. Yai la kuku linataka joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, na nyuzi moja juu au chini kwa siku kadhaa inatosha kukupa trei ya mayai viza. Mfano wetu wa kwanza ulifanya kazi vizuri. Tuliulinda kama mtoto mchanga, ukatotoa. Mtengeneza mashine mmoja wa Morogoro akaja kuuona, akaagiza hamsini. Tukakodi chumba nyuma ya duka Sinza, Dar es Salaam, tukapanga meza mbili, tukaajiri vijana wanne waliotoka chuo cha ufundi.

Shida ya kwanza ilikuwa vihisi joto. Cha mfano tulikuwa tumekinunua kimoja kimoja dukani mjini. Tuliporudi kununua hamsini tulipewa vilivyofanana na cha kwanza kwa umbo, kwa rangi, hata kwa maandishi yaliyochapwa juu. Kumbe havikuwa vya asili. Tungeweza kuvifunga vyote na kuvipeleka Morogoro, na yai halilalamiki siku ya kwanza. Hungoja hadi ya ishirini na moja ndipo likupe jibu. Aliyetuokoa ni msichana mmoja kati ya wale vijana. Siku moja alivitumbukiza vihisi kumi kwenye beseni moja la maji ya vuguvugu, akaniita. “Kaka, maji haya ni ya beseni moja, lakini kila kimoja kinasema lake.” Tofauti kati ya cha juu na cha chini ilizidi nyuzi mbili.

Shida ya pili ilikuwa yangu. Bodi kumi na tatu zilizolehemiwa na wale vijana zilikuwa zikichemka baada ya saa chache. Nilizozilehemu mimi hazikuchemka. Tulizikagua siku mbili nzima. Hatimaye mwenzangu alikaa kimya akinitazama ninavyofanya kazi, akaniuliza mbona kila mara naupinda mguu wa transista moja kabla ya kuichomeka. Sikuwa na habari kwamba naupinda. Nilipokuwa natengeneza mfano wa kwanza niliona transista inaegemea sehemu isiyofaa, mkono ukaisogeza, na tangu hapo mkono ulikuwa ukikumbuka jambo ambalo mimi sikulijua. Halikuwa kwenye mchoro, wala kwenye orodha ya vipuri, wala kwenye maelekezo niliyowaandikia vijana. Sehemu ya bidhaa yetu ilikuwa inakaa kwenye vidole vyangu.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mkupuo mdogo, na sijaona mahali pengine panapoweza kuifanya. Huitoa bidhaa mikononi mwa mbunifu na kuiweka kwenye karatasi, kwenye vipimo, kwenye vifaa vya kushikilia kazi. Mfano mmoja hauwezi kukuonyesha unachokijua bila kujua, maana wewe mwenyewe upo. Mkupuo wa elfu kumi utakuonyesha, lakini kwa bei ya kukufilisi.

Kuna hesabu ndogo inayoeleza kwa nini kosa lisiloonekana kwenye kimoja huonekana kwenye hamsini. Tuseme kifaa kina hatua 30 za kuunganisha, na kila hatua hufanywa sawasawa mara 99 kati ya 100. Masikioni hiyo ni kazi safi. Lakini ili kifaa kitoke kizima lazima hatua zote 30 ziwe sawa, na 0.99 ukiizidisha yenyewe mara 30 unapata takriban 0.74. Maana yake, kati ya vifaa 100, kama 26 vitakuwa na kasoro mahali fulani. Ukipandisha usahihi wa kila hatua hadi mara 999 kati ya 1,000, vyenye kasoro hushuka hadi kama vitatu. Anayetengeneza kimoja haioni hesabu hii, kwa kuwa kikigoma anakifungua, anakirekebisha na kusahau. Kiwanda kikubwa nacho kimeshailipia kwa mashine na wakaguzi. Mtu wa hamsini hukutana nayo uso kwa uso, akiwa na bisibisi na daftari.

Wala si ugonjwa wa nchi zetu peke yake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, ilipitia hapo hapo. Mwaka 2011 wabunifu wake walitengeneza bodi za majaribio zipatazo 50, wakazijaribu, wakarekebisha. Tarehe 29 Februari 2012 ilianza kuuzwa, na mkupuo wa kwanza wa bodi 10,000 ulikuwa ukitengenezwa China. Machi ikagundulika kwamba kiwanda kimefunga soketi za waya wa mtandao zisizo sahihi: kwa nje zilifanana na zilizotakiwa, ila hazikuwa na sehemu za sumaku ndani yake. Zikabidi zing’olewe na kubadilishwa. Kabla jambo hilo halijapoa, wasambazaji wakataka bodi zipimwe kwanza kwa viwango vya Ulaya ndipo wazisambaze.  Kosa liliingia pale kazi ilipokabidhiwa. Baadaye mwaka huo huo uzalishaji ulianza pia kwenye kiwanda cha Sony kilichoko Pencoed, Wales, karibu na wahandisi wenyewe. Mwaka 2014 mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha uchunguzi wa miradi iliyochangiwa fedha na umma kwenye mtandao wa Kickstarter, akaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 75 ya bidhaa zilizoahidiwa zilichelewa. Mfano mzuri mezani peke yake hauhakikishi tarehe.

Gharama nazo hubadili tabia katikati. Chukua boksi la plastiki la kufungia kifaa. Kiwandani plastiki iliyoyeyushwa hudungwa kwenye moldi ya chuma. Tuseme moldi hiyo ni dola 10,000. Ukitoa maboksi 10,000, kila boksi limebeba dola moja ya moldi. Ukitoa 100, kila moja limebeba dola 100, na kifaa chenyewe huenda unataka kukiuza arobaini. Ndiyo maana wa hamsini hutafuta njia nyingine: moldi ya mpira wa silikoni inayochakaa baada ya vipande kama ishirini, bati la kukunjwa, mashine ya kuchapa umbo la plastiki tabaka juu ya tabaka, au moldi ya alumini iliyo laini na rahisi zaidi. Ushauri wangu, na nimeutoa kwa vijana wengi wakaukataa kwa sababu haupendezi macho, ni kununua boksi la fundi umeme lililoko dukani na kulitoboa. Mnunuzi wa kidhibiti joto anataka vifaranga. Urembo wa boksi utafuata siku ambayo umbo limeacha kubadilika, na katika mkupuo wa kwanza umbo hubadilika kila wiki.

Vipuri vya elektroniki vina mtego wao. Rizista ndogo kama punje ya mchanga huuzwa kwa reli, na reli moja kwa kawaida ina vipande 5,000. Ukihitaji 200 utauziwa vya kukatwa, kwa bei ya juu zaidi kwa kila kipande, au utanunua reli nzima na kuweka mtaji wako stoo. Mashine ya kupanga vipuri kwenye bodi nayo hupanga maelfu kwa saa, ila huchukua muda mrefu kuiandaa kwa kazi mpya, na muda huo ni ule ule uwe na bodi ishirini au elfu ishirini. Mwenye mashine atakuangalia wewe na bodi zako ishirini, kisha akuambie urudi mwezi ujao. Kwa hiyo wa hamsini hurudi kwenye mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu unahitaji kusaidiwa.

Msaada wake mkubwa mafundi wetu huuita jigi. Ni kitu cha kushikilia kazi na kuiongoza: fremu inayolazimisha vipande vikae pembe ile ile kila unapochomelea, bamba lenye matundu linaloonyesha pa kupitisha drili. Jigi haiwahusu matajiri peke yao. Nyingi ni vipande vya chuma chakavu vilivyounganishwa kwa akili. Asiyejua kazi akiiona karakanani huidhani takataka. Kwangu mimi, karakana yenye jigi kumi na mashine moja mbovu inanipa imani kuliko yenye mashine tano mpya zisizo na jigi hata moja.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko Arusha. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni huko mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti. Ni mpini mrefu unaosukuma pistoni ndani ya silinda yenye nyufa; mbegu husongwa, mafuta huchuruzika kwenye nyufa, na mashudu hutokea mwisho, kupitia mdomo unaoweza kubanwa au kulegezwa. Kwa macho ni mashine rahisi. Siri iko kwenye nafasi kati ya pistoni na silinda. Ikiwa pana, mbegu zilizosongwa hurudi nyuma na kupoteza nguvu. Ikibana, pistoni hukwama, au mpini humshinda mama anayekamua. Nafasi hiyo ni sehemu ya milimita, nayo ilibidi irudiwe kwenye karakana ambazo mtu aliyeibuni hakuwamo.

Hapo ndipo bidhaa ilipoamuliwa. Kwa karakana ndogo kutoa mashine zinazokamua kwa namna moja, mchoro peke yake haukutosha. Zilihitaji jigi, vipimo vya kupitisha na kukataa, na mtu wa kuzikagua. Nairobi, shirika la ApproTEC lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon lilitoa toleo lake la kikamulio hicho na baadaye pampu za miguu za kumwagilia, na likafanya jigi na ukaguzi kuwa sehemu ya kazi, sawa na ubunifu wenyewe. Lilichagua pia jambo ambalo wabunifu wengi hulikwepa: kuanza na idadi ambayo karakana chache zinaweza kuimudu, na kurekebisha kwa malalamiko ya mkulima aliyenunua kwa fedha yake. Mkulima aliyelipa husema kweli. Aliyegawiwa bure na mradi hunyamaza kwa adabu.

Jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, tunaloliona leo kila soko, nalo ni mtoto wa hatua hii. Lilianza kusambaa Kenya mapema miaka ya 1980, likichukua wazo la majiko ya ndoo ya Thailand, na mafundi jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakawa miongoni mwa waliolitengeneza kwa wingi. Udongo una tabia moja ngumu: husinyaa unapokauka, na husinyaa tena unapochomwa. Mfinyanzi akifinyanga kwa macho, kikombe hakitaingia kwenye bati, au kitacheza ndani yake na kupasuka mara jiko likipata moto. Vikombe vya mwanzo vilipasuka kweli. Dawa ilikuwa fomu za kufinyangia na vipimo vilivyokubaliwa kati ya watu wawili ambao huenda hawajuani: mfinyanzi na mkata bati. Walipokubaliana vipimo, kazi ikagawanyika yenyewe. Mmoja akatoa udongo tu, mwingine bati tu, wa tatu akaunganisha na kuuza. Hakuna kiwanda kikubwa kilichojengwa, na bado majiko yakafika mamia ya maelfu. Tanzania tukapata letu, tukaliita jiko bora. Hili ndilo linalonifanya nisikubali kwamba hatua ya katikati ni ya kupita tu kuelekea kiwandani. Kuna bidhaa ambazo makazi yao ya kudumu ni hapo, zikizalishwa na karakana mia moja badala ya jengo moja, na zinaenda vizuri.

Sasa tazama upande wa pili, magari. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi walifanya kazi kwa miaka, wakitumia karakana za reli na taasisi nyingine za umma, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Magari yalitembea. Kampuni ya Nyayo Motor Corporation ikaundwa kuyazalisha kwa wingi, fedha zikakosekana, uzalishaji haukuanza. Kampuni hiyo baadaye ikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, inayofanya kazi za mashine na vipuri. Watu hupenda kumalizia hadithi hii kwa kusema tulishindwa kutengeneza gari. Mimi huiona namna nyingine. Mpango ulikuwa na tano, halafu ukawa na ndoto ya viwanda. Hapakuwa na hamsini. Hapakuwa na magari hamsini yaliyotengenezwa polepole na kupewa posta, polisi na hospitali za wilaya, yaharibike barabarani, yarudi karakanani, yarekebishwe, mpaka ijulikane ni ekseli ipi inayovunjika na bawaba ipi inayolegea. Walitakiwa kuruka bonde kwa hatua moja, na bonde hilo halirukiki.

Uganda walijifunza kitu. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye sola. Kampuni ya Kiira Motors haikungoja kiwanda chake cha Jinja kimalizike ndipo ianze kujifunza. Mabasi ya umeme ya awali yaliundwa kwa idadi ndogo kwenye karakana za Luwero Industries, za jeshi, huko Nakasongola, yakaingia barabarani kubeba abiria. Naliheshimu sana uamuzi huo, hata kama ulichelewa miaka. Kwa gari la Mobius la Kenya, lililoanzishwa na Joel Jackson kwa ajili ya barabara mbovu, mambo yalikuwa magumu zaidi: Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa kuelemewa na madeni na kodi, kisha akapatikana mnunuzi kabla haijafilisiwa. Gari linalotoka kwa makumi hubeba kodi na gharama zilizopangwa kwa gari linalotoka kwa makumi ya maelfu, na likifika sokoni hukuta mtumba wa Japani umelala pale, bei chini.

Nitenganishe hapa mambo mawili ambayo lugha yetu imeyaweka kwenye neno moja. Tunasema kuunganisha kwa kazi ya kupokea makontena yenye vipande vilivyokamilika, simu au pikipiki au lori, na kuvikaza kwa bolti. Tunasema pia kuunganisha kwa kazi ya kukusanya kwa mara ya kwanza kitu kilichobuniwa hapa. Ajira za kazi ya kwanza ni za kweli na sizidharau. Ila kontena hilo limekuja na majibu yote: nguvu ya kukaza kila bolti imeandikwa, makosa ya mkupuo wa kwanza yamekwisha kufanywa na watu wengine katika mji mwingine. Kijana anayekaza kule anajifunza nidhamu. Hajifunzi kwa nini bolti iko pale, na siku mwenye kontena akiacha kuleta, kijana huyo hana cha kukaza.

Nairobi kuna mfano unaoonyesha bonde letu lilivyo. Mwaka 2013 wabunifu wa BRCK, kifaa cha intaneti cha kuhimili mahali ambapo umeme hukatika, walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwenye Kickstarter. Kifaa kilibuniwa Nairobi, kwa shida za Nairobi, lakini kiliunganishiwa Marekani. Si kwa kukosa uzalendo. Vipuri, mashine za kupanga vipuri kwenye bodi na watu wa kuzikagua kwa idadi ile vilikuwa huko. Katika miaka hiyo hiyo ikaanzishwa Gearbox, karakana ya pamoja ya wabunifu, ikiongozwa na Kamau Gachigi aliyetoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na leo mji huo una laini ya kupanga vipuri kwenye bodi inayokubali oda ndogo. Hilo ni badiliko kubwa. Kubeba bodi kwa basi la usiku na kukaa pembeni ya mashine ukiangalia kipuri cha kwanza kinavyokaa ni tofauti na kutuma faili Shenzhen na kungoja wiki nne uone ulikosea wapi.

Lakini mashine haikuwa kikwazo pekee. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umepangwa kwa ngazi: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, bidhaa zilizokamilika 25, na tangu 2022 kuna ngazi ya 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kwa kiwanda kinacholeta kipuri kimoja kwa tani, mpangilio huu unasomeka. Kwa mtu wa hamsini anayeleta kifurushi chenye aina arobaini za vipuri, vichache vichache, mzigo wake kila mara hubishaniwa: hii ni bidhaa iliyokamilika au ni sehemu ya bidhaa? Unafuu wa ushuru kwa wazalishaji upo, lakini hutolewa kwa kampuni iliyotajwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, pamoja na kiasi chake. Hakuna anayepeleka maombi ya kiwango hicho kwa ajili ya soketi hamsini. Upande wa viwango Tanzania imefanya jambo la busara: mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bila malipo kwa miaka mitatu ya kwanza. Aliyepanga hivyo alielewa kuwa gharama ya kupima haipungui kwa sababu mkupuo ni mdogo. Forodhani hakuna aliyepanga hivyo.

Hata hivyo ushuru mtu huuvumilia. Asichoweza kuvumilia ni kukosa mnunuzi. Mwaka 1976, Mountain View, Kalifonia, mwenye duka aitwaye Paul Terrell aliletewa bodi ya kompyuta na vijana wawili, Steve Jobs na Steve Wozniak. Vijana walikuwa na mpango wa kuuza bodi tupu, mnunuzi ajilehemie mwenyewe. Terrell alikataa. Alisema atachukua 50, zikiwa zimeshaunganishwa, kwa dola 500 kila moja, malipo zikifika. Kwa nguvu ya oda hiyo muuza vipuri aliwakopesha vipuri kwa siku 30, na bodi zikaunganishwa nyumbani Los Altos, ndugu na marafiki wakichomeka vipuri mezani. Apple I zote zilizowahi kutengenezwa zilikuwa kama 200. Hadithi hii husimuliwa sana kwa sababu ya vijana wale wawili. Mimi huwa namwangalia Terrell, na yule muuza vipuri asiyetajwa. Mmoja alitaka hamsini zilizokamilika, akaweka bei. Mwingine aliipokea oda hiyo kama dhamana.

Sisi tunao Jobs wetu, kila mwaka kwenye maonyesho, na Terrell ni adimu. Zabuni za halmashauri na hospitali mara nyingi hudai uzoefu wa miaka na kazi za thamani kubwa zilizokwisha kufanywa, masharti ambayo mtu wa hamsini hawezi kuyatimiza kwa kuwa hizo hamsini ndizo zingekuwa uzoefu wake. Ruzuku za ubunifu hulipia mfano na safari ya kwenda kuuonyesha. Mikopo ya viwanda hutaka mashine za kuweka rehani. Wizara ikinunua vitanda 40 vya kujifungulia kutoka karakana moja ya Mbeya, ikakubali kwamba kumi vya kwanza vitarudishwa kurekebishwa, na ikalipa kwa wakati, itakuwa imefanya zaidi ya shindano la ubunifu la mwaka mzima. Najua mkaguzi wa hesabu atauliza kwa nini vilirudishwa. Jibu liandikwe kwenye mkataba mapema: mkupuo wa kwanza hurudi, na kurudi kwake ni sehemu ya kilichonunuliwa.

Mteja wetu wa Morogoro alikuwa mtu wa namna hiyo. Tulimweleza habari ya vihisi na ya bodi kumi na tatu. Akatusikiliza, akatupa wiki tatu. Tulinunua vihisi vingine, kila kimoja kikapita kwenye beseni la maji pamoja na kipimajoto cha maabara, na kila kidhibiti kikawashwa saa 48 kabla ya kufungwa. Kwa ule mguu wa transista tulitengeneza jigi ya ubao yenye msumari mmoja uliokatwa kichwa. Unaulaza mguu, unausukuma, umepindika. Tulipeleka 46. Vinne tulivibakiza vya kubadilishia, na vitatu kati yake vilitumika.

Baada ya miezi mitano akaagiza 50 nyingine. Mimi nilikuwa nauguza baba kijijini, sikuwepo. Kazi aliisimamia yule msichana wa beseni. Niliporudi nilikuta amebadilisha mpangilio: onyesho la namba linafungwa mwisho badala ya mwanzo, ili lisikwaruzwe wakati wa kukaza boksi, na kwenye karatasi ya maelekezo maneno yangu ya hatua ya saba na ya nane yalikuwa yamekatwa kwa kalamu, juu yake pameandikwa kwa mwandiko wake. Nilikaa mezani nikaunganisha kimoja kwa kufuata alichoandika. Kilichukua dakika ishirini na mbili. Kwa mpangilio wangu kilikuwa kikichukua thelathini na tano.